Kitivo, Jaruba na Mkoko: Maneno Niliyoyaokota Tambarare kwa Baiskeli

Mtu wa milimani akitaka kuijua tambarare, na aipite kwa baiskeli. Akiwa ndani ya basi ataiona dirishani kama kitambaa kimoja kilichotandikwa kutoka Mombo hadi baharini, kisha atasinzia. Akienda kwa miguu ataichoka kabla hajaimaliza. Mpanda baiskeli huisikia nchi kwa magoti na kwa masikio. Hujua mahali ardhi inapoinama hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na huweza kusimama wakati wowote na kumwuliza mtu aliye kando ya njia: hiki mnakiitaje hapa?

Swali hilo ndilo lililonishusha kutoka Kwai mwaka jana, mwezi wa Agosti. Lakini halikuwa peke yake. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na mwalimu aliyestaafu kijijini hageuki kuwa mkulima tu. Huwa pia mwandishi wa barua za watu. Wakulima wenzangu walikuwa wamenitaka niwaandikie barua ya kuomba kibali cha kuchota maji ya kijito kwa pampu wakati wa kiangazi, ili karoti na kabichi zisikauke kabla ya vuli. Ombi lenyewe ni la haki. Kwai ni nchi ya mboga. Tangu Wajerumani walipoanzisha shamba la majaribio hapa mwishoni mwa karne ya 19, ardhi yetu imejulikana kwa mazao ya baridi, na mboga za Lushoto huliwa Tanga na Dar es Salaam. Mimi mwenyewe nina vitaru vyangu vya karoti. Hata hivyo niliwaambia wenzangu: kabla sijaandika neno "maji" katika karatasi rasmi, nipeni wiki moja niyafuate yanakokwenda.

Milima ya Usambara Magharibi humwaga maji yake pande mbili. Yako yanayoelekea kaskazini na mashariki, yakauingia Mto Umba, ambao huvuka mpaka na kumalizikia baharini karibu na Vanga, nchini Kenya. Yako pia yanayoshuka kusini na magharibi, yakauingia Mkomazi na hatimaye Mto Pangani. Kwa vyovyote vile, hakuna kijito cha Lushoto kisichokuwa na mtu chini yake. Nilichagua upande wa Pangani kwa sababu njia yake naijua, na kwa sababu magoti ya mtu wa miaka sitini na kitu huomba tambarare hata kabla moyo haujaomba.

Baiskeli yangu ni Phoenix ya fremu la chuma, haina gia, na breki zake ni za vyuma. Mzigo huo hauteremshwi kwa matairi kutoka Lushoto hadi Mombo. Barabara hiyo ni ya kilomita 33 hivi, na humshusha mtu takriban mita 1,000, ikizungukazunguka kando ya Mto Soni na maporomoko yake. Niliifunga juu ya basi dogo, nikaketi upande wa bonde. Utingo alinicheka: "Babu, baiskeli nayo imelipa nauli, na wewe ukae juu kuishika?" Nikamjibu kwamba baiskeli haina shikamoo, mimi ninayo.

Sisi Washambaa tumeigawa dunia kwa maneno mawili tangu zamani. Huku juu ni Shambaai. Kule chini ni nyika. Shambaai ni kwenye migomba, ubaridi na mvua; nyika ni kwenye joto, wanyama na njaa. Mzee wa kwetu akisema fulani "kaenda nyika," hamaanishi tu kwamba kateremka. Anamaanisha kwamba katoka katika mpangilio. Msomaji wa *Habari za Wakilindi*, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy kilichotolewa tena na East African Literature Bureau mwaka 1962, ataiona mipaka hiyo katika historia ya ufalme wetu. Vuga, makao ya wafalme, ilikuwa mlimani. Lakini Semboja alijijengea nguvu Mazinde, chini kabisa, kwenye njia ya misafara ya pwani, akapata bunduki na bidhaa ambazo mlima haukuwa nazo. Tambarare, kumbe, nayo ilikuwa na mpangilio wake. Na kitabu chenyewe, kinachosimulia habari za watu wa milimani, kiliandikwa kwa Kiswahili, lugha iliyopanda kutoka pwani. Nalitaja jambo hili kwa sababu baadhi yetu bado tunasema kwamba Kiswahili cha milimani ni cha kuazima. Basi na kiwe cha kuazima. Tulikiazima mapema, tukaandika nacho kitabu.

Mombo niliteremsha baiskeli, nikajaza upepo kwa fundi aliyekuwa chini ya mwarobaini, nikaelekea kwenye mashamba ya mpunga. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilipojua raha ya njia iliyo sawa. Tuta la mfereji mkuu lina upana wa kutosha baiskeli moja na mtu mmoja mwenye adabu. Kushoto maji, kulia mpunga, mbele mstari ulionyooka, na nyuma yangu ukuta wa milima niliyotoka, ambao kwa kweli sikuwahi kuuona. Mtu aishiye juu ya mlima hauoni mlima wake. Anaona mashamba ya jirani, msikiti, shule, ukungu. Mlima mzima huonekana kwa wale wanaoishi chini yake, na ambao huutazama kila asubuhi kujua kama leo maji yatakuja.

Maneno ya mahali hapo ni chakula kwa mpenzi wa lugha. Mahali maji yanapotolewa mtoni panaitwa *banio*, kwa kuwa ndipo mto unapobanwa. Kutoka banioni maji huingia mfereji mkuu, kisha mifereji midogo, kisha huingia *jaruba*, yaani kipande cha shamba kilichozungushiwa tuta ili maji yatuame. Mfereji una kichwa na una mkia, kama kiumbe hai. Wenye mashamba karibu na banio ni watu wa kichwani. Wale wa mwisho ni watu wa mkiani. Maji hugawanywa kwa *zamu*, na zamu ni neno zito kuliko tulivyokuwa tukilifundisha darasani tulipopanga zamu za kufagia. Zamu ya mtu ikimkuta usiku wa manane, ataamka usiku wa manane, achukue jembe na tochi, afungue mlango wa maji. Zamu ikipita, imepita.

Mkiani mwa mfereji mmoja nilimkuta mama akipandikiza miche. Maji yalimfika kifundo cha mguu, na jaruba la pili, lililokuwa pembeni yake, lilikuwa limepasuka nyufa zinazoweza kumeza kidole. Alinyoosha mgongo aliponiona.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

"Nishapoa. Umetoka wapi na baiskeli hiyo?"

"Juu. Lushoto, Kwai."

Akaitazama milima, kisha akanitazama mimi, akacheka kidogo bila ubaya. "Basi nyie ndio mnaokunywa kwanza."

Nilimwuliza kuhusu jaruba kavu. Akasema msimu huu ameamua kulima moja tu, kwa maana zamu yake ikifika maji huwa yamepungua. Akilima yote mawili atapoteza yote mawili. Hakumlaumu mtu. Alieleza kama mtu anavyoeleza hesabu ya kutoa. Kisha akaniuliza swali ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: "Huko kwenu, maji mnayaita ya nani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Huko kwetu hatusemi maji ni ya nani. Tunasema "kijito chetu," kama tunavyosema "njia yetu," na hilo "-etu" hatujawahi kulipima linaishia wapi. Sarufi ya Kiswahili haitofautishi "sisi" ya mimi na wewe na "sisi" ya mimi na wenzangu bila wewe. Ziko lugha duniani zinazotenganisha mambo hayo mawili kwa viwakilishi tofauti. Yetu huyaacha katika neno moja, na humtaka msemaji aamue moyoni. Pale kwenye tuta, mbele ya jaruba lililopasuka, ndipo nilipoona kwamba barua niliyoombwa kuandika ingesimama au kuanguka kwa kiambishi hicho kimoja.

Liko neno jingine lililonifuata njia nzima, nalo ni *kitivo*. Washairi na walimu wengi wanalijua kwa maana ya chuo kikuu: Kitivo cha Sheria, Kitivo cha Elimu. Wachache wanakumbuka kwamba wataalamu wa istilahi walipokuwa wakitafuta neno la sehemu kuu ya chuo, walilichukua kutoka lugha za huku kwetu, Kishambaa na Kipare, ambamo kitivo ni ardhi tambarare ya bondeni yenye rutuba na maji. Lilikuwa chaguo la busara na la kishairi pia: mahali elimu inapostawi kama mazao ya bondeni. Lakini neno likipanda cheo, mara nyingi husahau nyumbani. Katika wilaya yetu ya Lushoto, upande wa bonde la Umba, iko skimu ya umwagiliaji iitwayo Kitivo, ambako watu hulima mpunga kwa maji yanayoshuka kutoka juu. Mwanafunzi wa leo akisikia "wakulima wa Kitivo," anaweza kudhani ni wahadhiri wenye bustani.

Maneno mengine ya nchi tambarare nayo yamehama. *Mbuga* ilikuwa nchi wazi ya udongo mweusi, inayojaa maji masika na kupasuka kiangazi. Sasa ukisema mbuga, mtoto anaona simba na magari ya watalii. *Bwawa* lilikuwa mahali maji yanapotuama yenyewe. Sasa wengi wakisikia bwawa wanafikiria ukuta wa zege. Na kuhama huku si kwa maneno peke yake. Juu ya Mto Pangani, baada ya Bwawa la Nyumba ya Mungu kujengwa katika miaka ya 1960, mafuriko ya kila mwaka yaliyokuwa yakinyesha mabwawa ya Kirua yalipungua, na sehemu kubwa ya ardhi oevu ile ikakauka. Bwawa jipya lilimeza bwawa la zamani, na neno lenyewe likafuata upande ulioshinda. *Kinamasi* limebaki mahali pake, labda kwa sababu hakuna aliyelitamani.

Kutoka Mombo hadi Korogwe ni yapata kilomita 40. Barabara kuu ina malori, na mpanda baiskeli mwenye akili hukaa ukingoni kabisa na huanza alfajiri. Reli ya Tanga huandamana nawe. Ilianza kujengwa mwaka 1893 ikafika Mombo mwaka 1905. Mkonge hupanga mistari yake pande zote, mistari iliyonyooka kiasi cha kumtia mtu kizunguzungu. Mlima haupo, lakini asikudanganye mtu kwamba tambarare haina kipando. Kipando chake ni upepo. Agosti ni mwezi wa kusi, na kusi humpiga usoni mtu anayeelekea baharini. Mlimani, baada ya kupanda huja kushuka. Upepo wa tambarare hauna upande wa pili. Unasukuma pedeli, nao unakusukuma, mpaka mmoja wenu achoke, na upepo hauchoki kabla ya jioni.

Hata hivyo tambarare ina zawadi moja kwa mshairi, nayo ni mizani. Mlimani sijawahi kutunga juu ya baiskeli: pumzi hukatika, na ubeti hukatika nayo. Chini, miguu hujihesabu. Mguu wa kulia mizani moja, wa kushoto mizani moja. Mizunguko minne ya pedeli ni mizani nane, yaani kipande kimoja. Kabla ya safari niliipima baiskeli yangu kwa chaki uwanjani: mzunguko mmoja wa pedeli huisogeza karibu mita 5 na nusu. Basi ubeti wa utenzi, wenye vipande vinne vya mizani nane, unachukua mizunguko 16, sawa na mita 88. Ubeti wa shairi la mizani kumi na sita, mishororo minne, unachukua mara mbili yake. Kutoka Mombo hadi Korogwe ni utenzi wa beti zaidi ya 450. Sikuutunga wote, msiogope. Lakini nilitambua kwamba kipimo cha mizani nane, ambacho wanafunzi wangu walikiona kama sheria ya serikali, kinakaa vizuri ndani ya mwili uendao mwendo wa sare. Watunzi wetu wa zamani waliishi kando ya bahari, katika nchi ya makasia, ya kutwanga, ya kutembea mchangani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, hakuhitaji kuhesabu kwa vidole.

Ajabu nyingine ni kwamba istilahi zetu za ushairi zimelowa maji. Tunasema shairi lina *bahari*. Tunasema lina *kina*, neno lilelile kwa sauti na lile la urefu wa maji kwenda chini, hata kama kamusi zitayatenga. Niliyafundisha maneno hayo miaka yote hiyo kwa watoto wa milimani, ambao wengi wao hawakuwa wameiona bahari. Nilichora mawimbi ubaoni. Mmoja aliwahi kuniuliza kama bahari inaisha. Nikamwambia ndiyo, inaishia katika kituo.

Korogwe, mji niliosomea ualimu, nililala usiku mmoja. Kutoka hapo niliipandisha baiskeli katika basi hadi Tanga, kwa maana malori ya Segera si ya kufanyiwa mchezo. Na siku ya tatu nikashika njia ya Tanga hadi Pangani, karibu kilomita 50, ikiambatana na pwani. Nilipokuwa naiacha Tanga nilimkumbuka Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kufanya kazi ya ukarani wa forodha kwa miaka mingi. Karani wa forodha hupima kinachoingia na kinachotoka. Si kazi mbaya kwa mshairi.

Huko ndiko nilikoingia nchi ya mikoko. Kwa mtu wa bara, mkoko ni mti mmoja. Kwa mtu wa pwani ni jamaa nzima, na kila mmoja ana jina na kazi. *Mkoko* wenyewe ndio wenye mizizi kama miguu ya buibui, ndio uliotoa boriti zilizoezekea majumba ya pwani na kusafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni. *Mchu* hutoa mizizi kama penseli zilizochomekwa topeni. *Mkandaa* gome lake hutoa rangi. Kuna *msinzi*, ambao wengine huuita muia. Kuna *mlilana*, unaosimama mbele kabisa na kupokea mawimbi. Na kuna *mkomafi*, wenye tunda kubwa la mviringo kama mpira. Mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa akishona wavu chini ya mnazi, alinitajia yote hayo bila kuinua macho. Nilipoandika katika daftari langu aliuliza, "Unaandika nini, Mwalimu?" Sikuwa nimemwambia kazi yangu. Nilipomwuliza kajuaje, akasema mtu mwingine angepiga picha.

Yeye ndiye aliyenieleza habari ya maji ya chumvi. Mto wenye nguvu, alisema, huisukuma bahari. Mto dhaifu husukumwa nayo. Wakati wa *bamvua*, bahari inapojaa kupita kawaida, chumvi hupanda mtoni hadi mahali ambapo baba yake alikuwa akiteka maji ya kunywa. Wakati wa *maji mafu* hupata nafuu. Haya si maneno ya mzee mmoja tu. Kupanda kwa chumvi katika Pangani ya chini ni jambo linalojulikana na wanaosimamia bonde la mto huo, na chanzo chake kimojawapo ni kupungua kwa maji yanayofika kutoka juu. Mto huu huanzia kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru, huzuiwa Nyumba ya Mungu, hunywesha mashamba ya njia nzima, hugeuza mitambo ya umeme Hale na Maporomoko ya Pangani, na humpokea Mkomazi pamoja na maji ya milima yetu. Kila mmoja ana haja ya kweli. Mzee wa mikokoni ndiye wa mwisho katika zamu. Ndiye mkia wa mkia.

Pangani nilivuka kwa pantoni na kurudi, kwa raha tu ya kuuona mto ukiwa mpana. Ng'ambo ile, upande wa Kikogwe, ndiko Mjerumani Richard Hindorf alikopanda miche ya kwanza ya mkonge mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyoanza safari kutoka Marekani, 62 tu ilipona, na kutokana na hiyo ikatoka ile mistari yote iliyonitia kizunguzungu njiani. Mji wenyewe umejaa kuta za zamani zinazobanduka chokaa. Mwaka 1889 Abushiri alinyongwa hapa. Nilikaa ufukweni hadi maji yakaanza kujaa, nikatazama mto ukisimama, kana kwamba unafikiri, kisha ukaanza kurudi nyuma. Nilikuwa nimefundisha methali ya maji kufuata mkondo miaka mingi. Hapo niliona mkondo wenyewe ukigeuka.

Njiani kurudi Tanga kusi ilikuwa mgongoni, na baiskeli ilikwenda kama imeajiriwa. Nikafikiri juu ya Uholanzi, nchi ambayo mwenzetu mmoja katika ushairi aliwahi kuniandikia habari zake: nchi ya mifereji na baiskeli, karibu robo yake ikiwa chini ya usawa wa bahari. Huko mabaraza ya kusimamia maji na matuta yana asili ya karne ya 13; yalitangulia hata dola yenyewe. Watu walikubaliana kwanza juu ya tuta, halafu wakabishana juu ya mengine. Mlimani tunaweza kuishi tukidhani kila mtu ana maji yake, kwa sababu kila bonde lina kijito. Tambarare haimruhusu mtu udanganyifu huo. Tuta la jirani likibomoka, jaruba lako limekwenda.

Niliporudi Kwai niliandika barua. Niliomba kibali, kwa kuwa karoti za wenzangu ni ada za shule za watoto wao, nami siwezi kuwaambia wasilime kwa ajili ya huruma yangu ya siku sita. Lakini niliomba pampu zifanye kazi kwa siku zilizopangwa, siku nyingine kijito kiachwe kipite. Niliomba pia kwamba kabla kibali hakijatolewa, waitwe wawakilishi wa wakulima walioko chini waje kukiona kijito kwa macho yao, na wa kwetu wateremke kuona jaruba lililopasuka. Kila nilipofika kwenye "maji yetu" niliandika "maji yetu na ya walio chini yetu." Sentensi zikawa nzito, na mhariri yeyote angeyakata maneno hayo. Niliyaacha.

Si wote waliofurahi. Jirani mmoja aliniambia waziwazi kwamba walinituma niombe maji, na mimi nimekwenda kuyagawa. Nilimwambia kwamba yaligawanyika kabla sijazaliwa. Hakuridhika, na ana haki ya kutoridhika. Anadaiwa mbegu na mbolea. Kikao kimepangwa baada ya vuli.

Katibu wa kikundi chetu ni kijana mwenye shahada, mwenye mwandiko mzuri, na ndiye aliyepewa kazi ya kuichapa barua. Alinijia jioni akiwa na karatasi mkononi, kidole kikiwa kwenye aya ya tatu. "Shikamoo Mwalimu. Hapa umeandika tuwaalike watu wa kitivo. Ni wa chuo kipi?"

Nikamwambia avute kigoda akae, kwa maana jibu lake lilikuwa refu. Alipoondoka giza lilikuwa limeingia, naye akaniomba nimkopeshe baiskeli.